Lori Kuukuu na Deni la Moshi

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo wenye kufikiri wameyapita mbio, pengine kwa sababu yananuka dizeli, ni hili: kitu anachokitoa mtu bila ya kukikusudia, kisichomfaa yeye mwenyewe, na ambacho upepo hukichukua kabla hajageuka kukitazama, je, bado ni chake? Moshi wa lori ni kitu cha namna hiyo. Hapana dereva aliyewasha gari lake alfajiri kwa nia ya kutoa moshi. Nia ni kufikisha mzigo. Moshi ni kilichosalia baada ya nia kutimia, mfano wa maganda baada ya chungwa kuliwa. Ila ganda lina aliyelitupa, na akionekana huambiwa aliokote. Moshi haumpi mtu nafasi ya kuuokota.

Kibakwe ni mahali panapolifaa swali hili, kwa sababu pale halina pa kujificha. Tarafa hii ya Wilaya ya Mpwapwa, katika Mkoa wa Dodoma, imekaa pale ambapo nyanda kavu za Ugogo zinaanza kupandana na safu za milima ya Rubeho, jina ambalo Richard Burton, aliyevuka huko mwaka 1857 baada ya kutoka Unguja, alilifasiri kwa maana ya mapito ya upepo. Upande wa juu, Wotta na Lumuma, kuna maji na udongo unaolimika, na vitunguu vya Lumuma vina sifa yake sokoni. Upande wa chini kuna reli pale Gulwe, na mbele yake Mpwapwa mjini penye soko na ofisi za serikali. Baina ya juu na chini kuna barabara, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Na juu ya barabara hiyo kuna lori.

Si lori jipya. Lori jipya halina kazi huko, au tuseme mwenye lori jipya hana sababu ya kulipeleka likavunjwe springi katika makorongo. Linalokwenda Kibakwe ni lile ambalo limeshamaliza umri mmoja mahali pengine. Si ajabu kulikuta moja ambalo mlangoni pake bado pameandikwa, kwa herufi za Kijapani, jina la kampuni ambalo abiria wa juu ya magunia hawajui kulisoma. Linabeba mahindi, vitunguu, mabati, saruji, sukari, mgonjwa mara nyingine, na maiti pia. Likipanda mlima likiwa na mzigo linatoa moshi mweusi ambao huonekana kabla ya lori lenyewe, na watu wa kijijini huutumia kama taarifa: fulani anakuja. Wazee wa pwani wanaoyakumbuka magari ya mbao ya Unguja watalielewa jambo hili bila ya maelezo mengi.

Sasa lori hili linatakiwa likaguliwe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa mkaguzi uwezo wa kulizuia gari lisilofaa. Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ziliweka mipaka ya kile kinachotoka katika bomba la moshi. Mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikawa na kiwango chake cha pamoja, na Rwanda, tangu Agosti 2025, imeanza kuyapima magari kwa mashine na kudai cheti. Katika wilaya kama Mpwapwa, hata hivyo, kipimo kilichozoeleka ni jicho. Mkaguzi husimama nyuma ya gari, dereva hukanyaga mafuta, na jicho hutoa hukumu.

Jicho si kipimo cha kudharauliwa. Mwaka 1888 hivi, profesa wa zana za kilimo wa Kifaransa, Maximilien Ringelmann, alibuni kadi zenye mistari myeusi iliyokatana juu ya karatasi nyeupe, kila kadi ikiwa na mistari minene zaidi kuliko iliyotangulia. Ukizitundika kadi hizo na kusimama mbali, mistari inapotea na kubaki rangi ya kijivu, kutoka weupe hadi weusi, kwa daraja sifuri hadi tano. Mkaguzi hulinganisha kadi na moshi, akasema: huu ni wa pili, ule ni wa nne. Mashine ya leo inafanya kazi ileile kwa ustadi mkubwa zaidi: inapitisha mwanga ndani ya moshi na kuhesabu ni kiasi gani cha mwanga kimezuiwa. Dereva anaiacha injini ikinguruma taratibu, kisha anakanyaga hadi mwisho kwa ghafla, mara tatu au zaidi, na wastani unaandikwa. Uingereza, gari la kale la dizeli lisilo na turbo lilipewa mpaka wa 2.5 kwa kila mita, na lenye turbo 3.0.

Huyu Ringelmann anastahili kukumbukwa kwa jambo la pili ambalo watu hawalihusishi na moshi. Aliwapima wanaume wakivuta kamba, mmoja mmoja na kwa makundi, akagundua kuwa kadiri wavutaji wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyovuta kidogo zaidi kuliko anavyoweza. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1913. Mtu mmoja kapima weusi wa moshi na uvivu wa mkono uliojificha katika mikono mingi. Ni kana kwamba alipima ugonjwa mmoja kwa njia mbili. Maana hewa nayo ni kamba inayovutwa na wengi. Kila mwenye lori anajua kuwa moshi wake ni mdogo ukilinganishwa na wa wote, na kwa kuwa kila mmoja anajua hivyo, kamba haisogei.

Lakini mtetezi wa Kibakwe atasema: hapa hapana wengi. Malori ni machache, upepo ni mwingi, na mbingu ya Ugogo ni pana. Kwa nini lori linalopanda Wotta lipimwe kwa mpaka uleule wa lori linalokaa foleni Kariakoo? Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana. Madhara ni matokeo ya kukutana kwa moshi na pafu, na pale ambapo mapafu ni machache madhara nayo ni machache. Udhaifu wake uko mahali pamoja tu, nao ni kwamba inahesabu watu. Mtoto anayetembea kando ya barabara kwenda shule, na lori likampita kwa mwendo wa ng'ombe kwa kuwa mlima ni mkali, anaumeza moshi mzito zaidi kuliko mtu wa mjini aliye ndani ya basi lenye vioo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika daraja la kwanza la visababishi vya saratani, daraja moja na tumbaku. Mtoto yule hakuuvuta kwa hiari kama mvutaji wa sigara. Kumwambia kwamba wako wachache kama yeye ni kumwambia kwamba uchache wake umempunguzia thamani.

Basi mwenye lori anaingia gereji. Fundi hahitaji kadi ya Ringelmann. Anausoma moshi kama mganga anavyosoma ulimi. Moshi mweusi maana yake ni dizeli nyingi na hewa chache: chujio la hewa limejaa vumbi, au nozeli zimechoka na badala ya kunyunyiza zinamwaga, au pampu imefunguliwa kupita kiasi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yaliyopenya mahali yasipopaswa kuwamo. Katika barabara ya Kibakwe, ambako vumbi la kiangazi ni kama unga, chujio la hewa pekee linaweza kulifanya lori zima lionekane kuwa na dhambi lisizonazo. Kulisafisha au kulibadilisha ni gharama ndogo. Nozeli ni gharama ya wastani. Pampu ni gharama kubwa. Kushusha injini na kubadilisha ringi ni gharama ambayo mwenye lori huizungumza kwa sauti ya chini.

Iko njia nyingine, na kila fundi anaijua. Pampu ya dizeli ina skrubu inayopanga kiasi cha juu cha mafuta yanayokwenda katika injini. Kiwandani skrubu hiyo hufungwa waya na kutiwa lakiri ili isiguswe. Katika malori mengi ya kale lakiri ilishakatika zamani, na haijulikani na nani. Siku moja kabla ya ukaguzi fundi huirudisha skrubu nyuma kidogo, akapuliza chujio, akabadilisha oili, na dereva akaambiwa alikimbize lori vizuri njiani ili bomba liteme masizi ya kale na injini ifike ikiwa ya moto. Lori linapumua kama mtoto mchanga.

"Litapita hili, fundi?" huuliza mwenye mali.

"Kupita litapita, mzee. Kupanda ndiko sikujui."

Jibu hilo ni falsafa tosha. Lori lililopunguziwa mafuta linafaulu likiwa tupu na limesimama, katika kiwanja bapa cha ofisi. Likipakiwa magunia na kuelekezwa Rubeho linashindwa. Kwa hiyo baada ya stika kubandikwa skrubu hurudishwa ilipokuwa, na moshi hurudi. Hapana uongo uliosemwa kwa mdomo. Mkaguzi aliliona gari, gari lilikuwa safi, naye aliandika alichokiona. Hata hivyo kila mmoja, pamoja na mkaguzi mwenyewe, anajua kuwa kilichopimwa hakikuwa lori lile bali siku moja ya lori lile. Wahenga walikwisha kusema kuwa nyumba njema si mlango. Ukaguzi wa namna hii unaupima mlango, na mlango ndio uliopakwa rangi.

Je, ni hadaa? Mtu anayevaa nguo yake nzuri kwenda kumwona kadhi hahadai, anaiheshimu baraza. Mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani hahadai, ijapokuwa atayasahau yote baada ya wiki. Tofauti iko katika kile ambacho kipimo kimeahidi. Nguo ya kwenda kwa kadhi haimwahidi kadhi kitu chochote. Stika ya ukaguzi inawaahidi watu wa njiani kwamba gari hili, litakapopita mbele ya nyumba zao, halitawadhuru. Ahadi inatolewa kwa jina la watu wasiokuwapo ofisini. Anayeifanya iwe kweli kwa saa moja tu, akijua hivyo, ametumia kauli ya mkaguzi kuwaambia watu hao jambo lisilo kweli. Udogo wa kosa haulibadilishi jina lake.

Haifai, lakini, kumkemea mwenye lori wa Kibakwe kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua hila hii. Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imetia ndani ya magari yake ya dizeli programu yenye uwezo wa kutambua kuwa gari liko katika kipimo. Gari likijiona linapimwa, lilijisafisha. Likirudi barabarani, lilitoa hewa chafu mara nyingi zaidi ya mpaka. Kampuni ilikiri kuwa magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Skrubu ya fundi wa Mpwapwa na programu ya wahandisi wa Ujerumani ni kitu kimoja: zote mbili zinamfundisha chombo unafiki. Zinachotofautiana ni dharura. Yule wa Mpwapwa anarudisha skrubu kwa sababu bila hivyo vitunguu vitaoza mlimani. Wale wengine walikuwa na uwezo wa kutengeneza gari safi, wakachagua lililo rahisi kuuzika.

Na hapo ndipo kadhia inapovuka bahari. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwaonyesha waandishi wa habari chupa iliyojaa masizi ya dizeli, akaanzisha kampeni ya kuyafukuza malori machafu katika mji wake. Kuanzia Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango yalikatazwa kuingia Tokyo na mikoa mitatu inayopakana nayo, isipokuwa yafungwe vichujio. Ilikuwa sheria njema, na hewa ya Tokyo ikawa bora. Malori yaliyokataliwa, hata hivyo, hayakuyeyuka. Mengine yalifungwa vichujio, mengine yalivunjwa vyuma, na mengine yalipanda meli. Taarifa ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020, ambayo ilihesabu magari madogo tu wala si malori, ilisema kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na kiasi cha asilimia 40 yalikuja Afrika.

Lori lililoshindwa mtihani likauzwa kwa mtu ambaye nchi yake haijawa na mtihani huo: je, aliyeuza amejitoa katika deni? Sheria itasema ndiyo. Mali imebadilisha mkono, na dhamana imekwenda pamoja na mali. Lakini mwenye kuuza ng'ombe huku akijua kuwa ana maradhi, kwa mnunuzi asiyejua, katika mafundisho ya biashara ya Kiislamu amebeba dhima ya aibu aliyoificha. Itajibiwa kuwa hapa hakuna kilichofichwa. Mnunuzi alijua kuwa lori ni kuukuu na bei yake ilisema hivyo. Ni kweli kwa mnunuzi. Mtoto wa njia ya shule hakuwamo katika mnada, hakupunguziwa bei, na aibu ya lori imemfikia yeye ikiwa kamili.

Wanazuoni wa fiqhi walilijadili jambo hili kabla ya kuzaliwa dizeli. Wafuasi wa Imamu Malik walizungumza kwa urefu juu ya moshi wa tanuri na wa hamamu unaoingia katika nyumba ya jirani, na wengi wao waliuhesabu kuwa ni madhara ya kuondolewa. Katika Majalla, mkusanyiko wa sheria uliotolewa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876, kanuni mbili zimewekwa zikifuatana, na kufuatana kwao ndiko kunakovutia. Ya kwanza inafundisha kuwa kitu kilichokuwapo tangu zamani kiachwe katika hali yake. Ya pili inaizuia ya kwanza isipotoke: madhara hayapati haki kwa kuwa ni ya zamani. Lori kuukuu linasimama katikati ya kanuni hizi mbili. Ukongwe wake unaliombea heshima, kwa sababu riziki ya watu imejengwa juu yake na kuling'oa ghafla ni kuing'oa riziki. Moshi wake hauwezi kuomba heshima hiyohiyo. Yaani uzee ni wa chombo. Madhara hayazeeki, kila asubuhi yanazaliwa upya katika kifua kipya.

Ziko na kanuni nyingine humo ambazo mtetezi na mshitaki wanaweza kunyang'anyana. Madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo sawa nayo. Hiyo mtetezi ataishika, aseme kuwa kulifungia lori ni kuwadhuru wakulima wa juu. Madhara ya mtu mmoja huvumiliwa ili kuzuia madhara ya umma. Hiyo mshitaki ataishika. Ukweli ni kwamba katika Kibakwe umma na mtu mmoja ni vigumu kuwatenganisha. Umma unaoudhika na moshi ndio umma uliokaa juu ya magunia. Mama anayekohoa lori likipita ndiye anayelisubiri kesho limpeleke hospitali ya wilaya. Na akirudi nyumbani, moshi wa kuni unamngoja jikoni, ambao haupimwi na mkaguzi yeyote, ijapokuwa tangu Mei 2024 taifa lina mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia. Mizani ya fiqhi ilitengenezwa kwa majirani wawili wenye ukuta baina yao. Hapa hapana ukuta.

Kuna mshiriki mwingine katika moshi huu ambaye hasimamishwi na mkaguzi, naye ni mafuta yenyewe. Kwa miaka mingi dizeli iliyouzwa Tanzania ilichanganywa na mafuta ya taa na wafanyabiashara waliotafuta faida katika tofauti ya bei. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Pampu na nozeli hulika, na nozeli iliyolika ndiyo inayozaa moshi mweusi. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwatambua wachakachuaji. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi faida ya kuchanganya ikatoweka. Dawa ilifanya kazi. Lakini mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa yakiwasha kibatari cha Kibakwe, na bibi ambaye hajawahi kumiliki gari akalipa, katika kila chupa aliyoinunua, gharama ya kuzilinda pampu za malori. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuwa dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na hilo lilikuwa jambo jema lililotendeka bila ya bibi yeyote kutozwa kibatari. Inapoulizwa ni nani mwenye moshi, basi, jibu linakuwa refu: aliyeuza lori, aliyechanganya mafuta, aliyekata lakiri, aliyeacha barabara ikawa vumbi, na mwenye lori, ambaye ndiye pekee anayejulikana namba ya gari lake.

Jina linaloufaa moshi, kuliko kosa au uchafu, ni deni. Kosa huadhibiwa na kwisha, uchafu hufagiliwa. Deni lina mwenye kudai, mwenye kudaiwa, kiasi na muda, na ndani yake mna nafasi ya huruma bila ya kufuta haki. Qurani inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa. Mwenye lori wa Kibakwe ni mdaiwa wa namna hiyo: msimu ukiwa mzuri ana uwezo wa kununua nozeli, msimu ukiwa mbaya hana hata ya chujio. Kumpa mwaka mmoja au miwili ya kulirekebisha lori, kwa hatua zinazoandikwa na kufuatiliwa, ni insafu zaidi kuliko kumpa stika ya siku moja inayomlazimisha kuwa mnafiki.

Ugumu uko katika swali la nani mwenye haki ya kuutoa muhula huo. Katika deni la fedha, anayesubiri ni yule anayedai, na subira ni sadaka yake. Katika deni la moshi serikali ndiyo inayotoa muhula, ilhali anayedai ni mtu wa njiani. Mtu hawezi kutoa sadaka mali ya jirani yake. Kwa hiyo muhula utakuwa halali ikiwa tu watu wa njiani wamepata kitu kwa subira yao, na hapo historia ya mahali penyewe ina neno la kusema.

Misafara iliyotoka Bagamoyo karne ya 19, mingi kwa mtaji wa Unguja, ilikuwa ikipumzika Mpwapwa penye maji kabla ya kuingia jangwa la Marenga Mkali, na baada ya hapo ikaingia Ugogo. Huko kila mtemi alidai hongo, nguo na shanga kwa kipimo kilichojadiliwa siku kadhaa, na kabla haijalipwa msafara haukuruhusiwa kuendelea. Wafanyabiashara na wasafiri wa Kizungu waliilaani hongo katika barua na vitabu vyao. Mgogo aliiona vingine: watu mia kadhaa wamekuja na punda wao, wamekunywa maji ya visima katika nchi yenye kiu, wamekula akiba ya nafaka, na wanakwenda zao. Anayepita na alipe kwa yule anayepitiwa. Leo neno hilohilo ni jina la rushwa, na maana imegeuka juu chini, kwa sababu rushwa ya barabarani humlipa anayesimamisha gari, wala si anayeishi kando ya barabara. Katika mabadiliko yote yaliyolipata neno hili, hili ndilo la kusikitisha zaidi: hongo ya kale, pamoja na ukali wake, ilimtambua mwenyeji kuwa ana haki juu ya kinachopita mbele ya mlango wake.

Lau sehemu ya ada ya ukaguzi ingerudi katika vijiji vya njiani, ikatumika kumwagia maji barabara mbele ya shule, au kupanda safu ya miti baina ya barabara na madarasa, au kununua kifaa cha kupimia nozeli kikae Mpwapwa ili fundi asilazimike kuzipeleka mbali, muhula wa mwenye lori ungekuwa na mashahidi. Watu wangejua wanasubiri nini, na lini. Mkaguzi naye angepima jambo jingine kuliko lile la siku moja: angelitazama lori likiwa na mzigo, likipanda, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wanavyokutana nalo. Kipimo kigumu zaidi, lakini kisichomtaka mtu aguse skrubu.

Itaulizwa kama haya yote hayatapitwa na wakati. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na inapita katika wilaya hiyohiyo ya Mpwapwa, kwenye bonde la Gulwe ambako mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliisomba reli ya zamani. Haitoi moshi katika bonde lile. Lakini treni haipandi Wotta wala haifiki Lumuma, na kitunguu kinachotaka kuiwahi hushuka kwanza juu ya lori. Pengine usafi wa treni utalifanya lori lionekane jeusi zaidi. Pengine pia utalipa safari fupi na mzigo wa karibu, na mapato yasiyokatika, ambayo kwayo matengenezo hulipwa.

Mafundi wanayo ratiba yao ya kulipa deni hili, nayo haikutoka katika kanuni yoyote. Chujio na oili kwanza, maana hizo hazina kisingizio. Msimu wa kwanza wa vitunguu, nozeli, zote sita kwa pamoja, kwa kuwa kuchanganya mpya na chakavu ni kupoteza fedha. Msimu wa pili pampu, ipangwe kwenye mashine na kufungwa lakiri upya. Ringi msimu wa tatu, kama bei ya Dar es Salaam itakubali.